KUZAMIA SI MCHEZO WA WATALII

Ndugu wanaushirika,

Mkutano mkuu unakaribia na maneno yameshazagaa mwaloni. Wako wanaosema fedha iliyoombwa kwa ajili ya mitungi ya hewa, miwani ya kuzamia na bwawa la mafunzo ni fedha ya kutupa ziwani. Eti kuzamia ni starehe ya Wazungu kule Zanzibar, sisi tununue nyavu basi. Tunaipinga kauli hiyo, na sababu zetu ni hizi.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Haikuzama papo hapo. Ilielea tumbo juu, na ndani walikuwamo watu walio hai. Ikatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, meli ikaenda chini. Walikufa watu zaidi ya 800. Wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini waliitwa, lakini walipofika kazi iliyobaki ilikuwa kutoa maiti.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kikapinduka karibu na gati ya Ukara. Walikufa 228. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai, maana alipata mahali penye hewa ndani ya kivuko. Basi anayesema mzamiaji hana faida akamwambie fundi yule.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ikaanguka ziwani pale Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 wakafa. Nani walifika mwanzo? Wavuvi na mitumbwi yao! Wenye mitumbwi ndio walio karibu siku zote. Sasa kwa nini anayefika mwanzo afike mikono mitupu, na mwenye ujuzi angojewe kutoka mbali? Aliye chini ya maji hangoji.

Wapinzani wanauliza duka la kuzamia litaishi vipi huku kwetu. Swali zuri. Maduka ya Nungwi na Mafia yanamngojea mgeni mwenye dola. Mwaka 2020 korona ilipozuia wageni, yalilala njaa. Letu lisimngojee mgeni, lile jasho la kazi. Vizimba vya sato vinaongezeka ziwani. Wavu wa kizimba lazima ukaguliwe chini ya maji, ushonwe ukitoboka, na samaki waliokufa waondolewe. Kuna nanga zilizokwama na injini zilizodondoka. Kazi hizo ndizo zitakazolipa mafuta ya mashine ya kujaza mitungi. Siku ya ajali, mitungi ile ile iko tayari.

Linalochekwa zaidi ni bwawa. "Ziwa lote hili, halafu mchimbe bwawa!" Ndugu, Wabelgiji walijenga bwawa la kuzamia ndani ya jengo mjini Brussels mwaka 2004, kina chake mita 34.5. Dubai wakafungua la mita 60 mwaka 2021, na bahari wanayo mlangoni. Sisi hatuombi makubwa hayo. Tunaomba mita 4, maji safi na paa juu. Ufukweni kwetu maji yametibuka, kichocho kipo, na mamba hana adabu. Mwanafunzi asiyeona mkono wa mwalimu atajifunza nini, kufa?

Na ujuzi huu haubebwi kwenye basi kama gunia la chumvi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kawaida ya kuzamia yamepigiwa hesabu ya baharini. Mzamiaji anapokaa chini, naitrojeni huingia mwilini. Akipanda haraka hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla, naye hupooza au hufa. Huku juu hesabu hubadilika, hata fundi wa pwani lazima aanze kuhesabu upya. Ndiyo maana tunataka vijana wafundishwe hapa hapa, kwa maji haya haya.

Wengine wana hofu ya haki: mitungi itaangukia kwa wezi wa samaki. Kuvua kwa mitungi kumekatazwa na sheria. Basi mitungi ikae stoo ya ushirika, isitoke bila daftari na sahihi mbili. Atakayekamatwa nayo akivua, afukuzwe uanachama na apelekwe kwa wahusika. Mwizi yupo hata wa makokoro, na hatukuacha kununua nyavu kwa ajili yake.

Tunataka mkutano uamue haya:

1. Kila mwanachama na mtoto wake ajue kuogelea kwanza, wanawake wa dagaa pia. Asiyejua kuogelea asiguse mtungi.

2. Bwawa lichimbwe kwa nguvu zetu, fedha iende kwenye saruji na mwalimu.

3. Vijana 6 wachaguliwe kwa uwezo, sio kwa ujomba.

Anayepinga asinong'one mwaloni. Asimame mkutanoni atuambie: chombo kikipinduka kesho hapa mbele yetu, atazamia nani?

Aliyesoma amsomee asiyeona vizuri.