Uhamisho Umefika, na Mkataba wa Shule Je?

Akina mama wa kambini na wa nyumba za polisi, juma hili tuongee juu ya karatasi ambayo wengi wetu tuliitia sahihi bila kuisoma. Ni ule mkataba wa karo tuliopewa na shule ya binafsi siku tuliyompeleka mtoto.

Nina sababu ya kuuleta mjadala huu. Mwezi wa Septemba mwaka 2023, mama mmoja, mke wa koplo, alinijia hapa Kampala akiwa na barua mkononi. Mumewe alikuwa amehamishiwa Gulu, naye alikwisha kuwaondoa watoto wake wawili shuleni muhula wa pili ulipokwisha. Shule ilimdai karo ya muhula wa tatu, shilingi 900,000 kwa kila mtoto, jumla 1,800,000, ingawa hakuna hata mmoja aliyekalia dawati muhula huo. "Mwalimu," akaniambia (maana bado wananiita hivyo, ingawa chaki niliiacha zamani), "nitalipaje masomo ambayo hayakusomwa?"

Tukausoma mkataba pamoja. Ulisema kwamba mzazi atakayemwondoa mtoto ataiarifu shule kwa maandishi muhula mzima kabla. Asipofanya hivyo, atalipa karo ya muhula mmoja. Yule mama aliarifu, lakini kwa mdomo. Siku ya kufungua shule, mwishoni mwa Mei, alimwambia mwalimu wa darasa langoni kwamba huenda wakahama. Mwalimu akaitikia, akaendelea kupokea masanduku ya watoto. Barua kwa mwalimu mkuu iliandikwa mwezi wa Agosti. Kama barua ile ingalifika kabla ya muhula wa pili kuanza, mama huyu asingalidaiwa hata senti moja.

Sharti hilo si hila ya shule moja. Ni desturi kongwe ya shule za binafsi za Uingereza, na Mahakama ya Rufani ya huko iliikubali katika kesi ya Mount na Halmashauri ya Oldham. Sababu yake yaeleweka. Shule huajiri walimu na kununua unga kwa kuhesabu vichwa, na nafasi iliyoachwa ghafla haijazwi kwa siku moja. Kwa hiyo tusiwaone walimu wakuu kuwa wanyang'anyi kwa sababu tu wameandika sharti hili.

Jambo moja huwakosesha njia watu wetu wengi. Askari hudhani kwamba amri ya uhamisho yatosha kuvunja kila ahadi aliyoifanya mjini. Sivyo. Aliyehamishwa ni baba. Shule ingali wazi, na mwalimu yu tayari kufundisha. Mkataba wenyewe usipotaja uhamisho, usitegemee kwamba amri hiyo itakufungua.

Hata hivyo, mzazi hakuachwa mtupu. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 yasema kwamba kiasi cha fedha kikiandikwa katika mkataba kuwa malipo ya kuuvunja, aliyekosewa atapata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kiasi kilichoandikwa, basi, ni kikomo. Waweza kuuliza kwa adabu: je, nafasi ya mwanangu imepata mtoto mwingine? Kama imepata, hasara ya shule ni ipi?

Ndivyo tulivyofanya. Tulimwandikia mwalimu mkuu barua ya ukurasa mmoja, bila matusi na bila kutaja mawakili. Ikaonekana kwamba nafasi ya yule mdogo, wa darasa la pili, ilikwisha kuchukuliwa. Deni lake likafutwa. La mkubwa lilibaki, lakini likakatwa amana aliyoiweka siku ya kwanza, na salio likagawanywa mara tatu. Mama hakufurahi, lakini alilala usingizi.

Ninyi ambao uhamisho bado ni uvumi tu, andikeni sasa. Barua haihitaji ufundi: "Mimi, mzazi wa mwanafunzi fulani wa darasa la nne, naarifu kwamba huenda nikamwondoa mwanangu mwisho wa muhula ujao, kwa sababu baba yake atarajia uhamisho wa kikazi. Nikijua kwa hakika, nitaandika tena. Naomba pia hesabu ya amana yangu." Iandike nakala mbili. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uihifadhi pamoja na risiti. Shule yaweza kukataa neno "huenda", na ikikataa utajua mapema msimamo wake.

Wakitaka uthibitisho wa uhamisho, msiwapelekee amri yenyewe wala picha yake. Humo mna mambo ya kikosi yasiyomhusu mtunza fedha wa shule. Ofisi ya utawala iombwe barua fupi ya kusema kwamba mtumishi huyu amehamishwa, basi.

Mwenye mtoto wa darasa la saba, au wa kidato cha nne au cha sita, afikiri mara mbili. Mtoto akisha kusajiliwa na UNEB, jina lake limo katika kituo kile. Afadhali abaki kwa shangazi mpaka amalize mtihani, hata ikiwa mkataba waruhusu aondoke.

Na shule ikikataa kurudisha amana ambayo mkataba wasema irudishwe, kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000. Kwanza umpe mdaiwa hati ya madai na siku 14. Mbele ya hakimu mwajisemea wenyewe, mawakili hawaingii.

Yule mama sasa yuko Gulu. Kabla ya kutia sahihi katika shule mpya, aliomba liongezwe neno moja: mzazi akihamishwa na serikali, taarifa ya siku 30 itatosha. Mwalimu mkuu alimtazama, akacheka, akaliandika kwa kalamu pembeni, akagonga muhuri juu yake.