TAHARIRI: Hata maskauti wa NFL hukosea, sembuse aliyekuambia huwezi

Kila mwaka, Februari ikielekea Machi, vijana zaidi ya 300 wa rika lako hukusanyika jijini Indianapolis, Marekani, kupimwa kama ng'ombe wa mnada. Wanapimwa urefu, uzani, mikono, hata upana wa kiganja. Wanakimbia yadi 40, takribani mita 37, huku watu wenye saa wakihesabu hadi sehemu ya mia ya sekunde. Wanaruka juu, wanaruka mbele, wanalala chali na kuinua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Madaktari wanakagua magoti, makocha wanawahoji mmoja mmoja.

Hawa ni wachezaji wa vyuo vikuu wa ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Wanachotafuta ni kazi katika ligi ya kulipwa ya NFL. Mwezi Aprili, klabu 32 huketi na kuchagua kwa zamu katika raundi saba, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ikianza. Majina yanayosomwa ni 250 na ushee tu. Katika kila wachezaji 100 wa vyuo waliofikia wakati wa kuchaguliwa, hawafiki wawili wanaoitwa.

Huenda hujawahi kutazama mechi moja ya mchezo huo. Sawa. Lakini wewe pia umepimwa: gredi ya KCSE, majaribio ya klabu ambapo kocha alikutazama dakika kumi, au mahojiano ya kazi yaliyoisha kabla hujapata joto kitini. Ndiyo maana tunataka uyajue ya Indianapolis. Hakuna mahali pengi duniani ambapo kijana anachunguzwa kwa pesa, kamera na wataalamu wengi kiasi hicho. Na bado wanakosea, tena vibaya.

Chukua mwaka 2000. Kijana wa Chuo Kikuu cha Michigan, Tom Brady, alikimbia zile yadi 40 kwa sekunde 5.28. Kwa mchezo ule, huo ni mwendo wa mzee anayewahi matatu. Alikuwa mwembamba, hana misuli ya kutisha. Makwotabeki sita, yaani wale wanaoongoza mashambulizi na kurusha mpira, walichaguliwa kabla yake. Jina lake lilisomwa katika raundi ya sita, nafasi ya 199. Alistaafu 2023 akiwa na mataji saba ya Super Bowl, mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote.

Sasa sikia sehemu inayouma. Ushahidi ulikuwepo. Miezi michache tu kabla ya kuchaguliwa, katika mechi ya Orange Bowl dhidi ya Alabama, Michigan ilikuwa nyuma kwa alama 14 mara mbili. Mara zote mbili Brady aliirudisha mchezoni, na wakashinda 35-34 katika muda wa ziada. Mechi hiyo ilirekodiwa na kila skauti angeweza kuitazama. Lakini utulivu wa mtu akiwa nyuma hauna saa ya kuupima, ilhali mbio za mita 37 zinayo. Basi wakaamini saa.

Upande wa pili yuko JaMarcus Russell wa LSU. Mwili mkubwa, mkono wa kurusha mpira mbali ajabu. Mwaka 2007 klabu ya Raiders ilimchagua wa kwanza kabisa. Miaka mitatu baadaye iliachana naye, na hakucheza tena mechi yoyote ya NFL. Mtu anaweza kung'ara katika kila kipimo cha mwili na bado kazi yenyewe ikamshinda.

Au tazama drafti ya 2022. Waliitwa wachezaji 262, na wa 262 alikuwa Brock Purdy wa Iowa State. Wamarekani wana jina la utani kwa anayeitwa mwisho, jina la kumaanisha hana umuhimu wowote. Msimu wake wa pili Purdy aliifikisha San Francisco 49ers kwenye Super Bowl, wakafungwa na Kansas City 25-22 baada ya muda wa ziada. Mwaka 2025 alitia saini mkataba wa miaka mitano wa thamani ya dola 265 milioni. Asiye na umuhimu, eti.

Utasema hizo ni bahati za watu watatu. Basi wasikilize wasomi. Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 2017, walichunguza drafti za miaka mingi. Walimlinganisha kila mchezaji na yule aliyefuata kuchaguliwa katika nafasi hiyo hiyo ya uwanjani. Aliyetangulia aliibuka bora takribani mara 52 kati ya 100. Rusha shilingi juu uone kama utakosea zaidi ya hapo.

Kuna kosa jingine ambalo si la hesabu. Kwa miaka mingi kijana mweusi aliyecheza kama kwotabeki chuoni aliambiwa abadilishe nafasi, akimbie badala ya kuongoza. Warren Moon wa Chuo Kikuu cha Washington aling'ara Rose Bowl Januari 1978. Mwaka huo huo hakuna klabu ya NFL iliyomchagua. Alivuka mpaka kwenda Kanada, akashinda mataji matano na Edmonton, kisha NFL ikamfungulia mlango. Mwaka 2006 aliingizwa katika ukumbi wa magwiji wa mchezo huo, kwotabeki mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo.

Ungedhani somo lilieleweka. Miaka 40 baada ya Moon, Lamar Jackson alifika mbele ya maskauti akiwa na tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima. Bado walikuwepo waliosema afadhali awe mpokeaji mpira. Yeye alikataa hata kukimbia zile yadi 40, wasije wakapata kisingizio cha kumhamisha. Makwotabeki wanne walichaguliwa kabla yake, akaitwa wa 32. Msimu wa 2019 wapiga kura wote, bila hata mmoja kupinga, walimtaja mchezaji bora wa ligi. Akaichukua tena tuzo hiyo msimu wa 2023.

Umeona basi kosa linaanzia wapi. Anayekupima huanza na kile kilicho rahisi kupimwa, kisha hujaza pengo kwa picha aliyonayo kichwani ya jinsi mshindi "anavyokaa". Ukifanana na picha hiyo, makosa yako husamehewa. Usipofanana nayo, hata ushindi wako huitwa bahati. Hili halihitaji ndege ya kwenda Indianapolis. Liko kwa mwalimu, kwa kocha wa mtaa, na kwa anayeuliza kwanza umetoka estate gani.

Lakini tuambiane ukweli, kwa sababu mitandaoni umeshalishwa hadithi za "usikate tamaa" hadi zikakukinai. Vipimo si uongo. Mlinzi wa pembeni asiye na mbio ataachwa nyuma kila Jumapili, na hakuna moyo utakaomwokoa. Na kwa kila Brady wapo mamia walioachwa nje na kweli hawakuwa na kiwango. Kukataliwa hakukufanyi shujaa aliyejificha. Wakati mwingine msee anakataliwa kwa sababu hajajituma, na hiyo ni habari ya kufanyia kazi, si ya kulilia.

Tofauti ni nini? Ni kilichofanyika siku baada ya siku. Brady alianza NFL akiwa kwotabeki wa nne kikosini, mtu wa kukaa benchi. Mwenzake alipoumia Septemba 2001, alikuwa ameshajiandaa. Miezi mitano baadaye alikuwa bingwa. Nafasi haikumkuta akisubiri kuombwa radhi na waliomdharau.

Kwa hivyo tunakuomba mambo matatu. Kwanza, tengeneza ushahidi. Siku ya majaribio ni moja, lakini kazi zako zinaweza kuwa mia. Cheza mechi zirekodiwe, hifadhi michoro yako, andika hizo programu, onyesha biashara ndogo uliyoendesha. Skauti mzuri hurudi kwenye video. Mpe video ya kurudia.

Pili, usiweke maisha yote kwenye mlango mmoja. Wale 98 na zaidi wasiochaguliwa wana jambo moja la kuwasaidia wakilitunza: walikuwa chuoni. Aliyeshika shahada mkono mmoja na mpira mkono mwingine hulala vizuri usiku ule jina lake lisiposomwa. Kijana anayeacha masomo kidato cha tatu kwa ahadi ya klabu ajiulize: goti likiumia kesho, nani atanilipia kodi?

Tatu, jua kwamba milango ni mingi kuliko unavyoambiwa. Daniel Adongo, Mkenya aliyekulia kwenye raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kucheza hata mechi moja ya mpira wa Kimarekani chuoni. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Hakudumu sana, lakini alifika. Miaka kumi baadaye, NFL yenyewe ilileta Nairobi kambi ya kusaka vipaji.

Na nyinyi wakubwa mnaoshika saa na kalamu, makocha, walimu na waajiri, tunawaomba unyenyekevu kidogo. Kama klabu zenye mabilioni hukosea karibu nusu ya wakati, kauli ya "huyu hana kitu" isitoke midomoni mwenu haraka hivyo. Mtazameni kijana akiwa nyuma kwa alama 14 kabla hamjamfutilia mbali.

Wewe nawe, walichokiandika kwenye karatasi ni cha siku moja. Ukiwa na hamsini zako za kuongeza, ziongeze kesho asubuhi mazoezini.