Posho ya Wahudumu wa Kambini

Wahudumu wa afya wa kujitolea katika kambi za nyanda za juu za Kigoma wengi wao ni wakimbizi wenyewe. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu. Mei ya mwaka huo kipindupindu kiliwakumba waliokwama Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba hadi Kigoma mjini.

Daktari hukaa zahanati. Mhudumu hupita nyumba kwa nyumba. Humzungushia mtoto utepe wa rangi katikati ya mkono wa juu, na kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, yaani kwenye nyekundu, mama huelekezwa kituo cha lishe bila kungoja kesho. Penye kuhara, huonyesha pakiti moja ya ORS inavyokorogwa katika lita moja ya maji safi, si kikombe, si ndoo. Lugha haisumbui sana: Kirundi na Kiha cha wenyeji ni ndugu wa damu.

Malipo yao huitwa posho, na ni kidogo. Neno “kujitolea” limebebeshwa mzigo usio wake, maana kazi ni ya kila siku, kwenye tope la masika na vumbi la kiangazi. Mashirika yanayowatumia yawape walau cheti kinachotambulika, ili anayerejea Burundi asianze upya kama mtu asiyewahi kushika mgonjwa.