Picha Ikishakubaliwa, Ifungwe

JICHO LA KISAUNI
Na Mwanaisha Bakari

Bibi harusi akishasema "hii ndiyo", fundi hana ruhusa tena ya kuigusa picha hiyo. Wapiga picha wa harusi hapa Magogoni wanalijua hilo. Kompyuta zao hazilijui.

Fundi anachagua mamia ya picha za ukumbini katika Lightroom Classic, programu ya kuhariri picha, anaongeza mwanga kidogo kwenye moja. Hakuona kwamba "Auto Sync", inayopeleka badiliko kwa picha zote zilizochaguliwa, imewashwa, na kwamba kati ya alizochagua zimo zile za albamu ambazo familia imeshazipitisha. Zote zinabadilika kwa mpigo. Rangi ya uso iliyojadiliwa na mama, shangazi na somo inapauka, na programu haisemi kitu.

Mafundi hujitetea kwamba Lightroom haiharibu picha ya asili na huhifadhi historia ya kila badiliko, kwa hiyo unarudi nyuma tu. Ni kweli, lakini nani atarudi nyuma kurekebisha asichokiona? Kosa la namna hii hugunduliwa albamu ikishachapishwa, salio halijalipwa na mteja amenuna.

Wengine huifunga faili ya kamera isomwe tu. Kinga hiyo ni ya bure, kwa sababu marekebisho ya picha ghafi hukaa ndani ya katalogi ya programu, si ndani ya faili hiyo.

Zama za mpiga picha N. V. Parekh, aliyefungua studio yake Mombasa mwaka 1942, mteja aliondoka na picha ya karatasi mkononi. Hakuna aliyeweza kuibadilisha usiku. Leo kazi iliyokamilika hubaki wazi kwa fundi mpaka siku ya kuchapa.

Photoshop ina kufuli la kufungia tabaka. Adobe, watengenezaji wa programu zote mbili, ingeweka kufuli kama hilo kwa picha nzima katika Lightroom, ingetusaidia sana. Kabla ya hapo, fundi azime "Auto Sync", aweke "Snapshot", yaani hali iliyohifadhiwa, ya kila picha iliyokubaliwa, kisha aitoe kama TIFF au JPEG kwenye folda yake, nakala moja ikae kwenye diski nyingine. Albamu ichapwe kutoka folda hiyo, si kutoka katalogi.

Nawe mwenye harusi, kabla ya kulipa salio, uliza: picha nilizozikubali umezihifadhi wapi? Asiyekuwa na jibu, usimwachie albamu yako.