Ongezeni baridi kabla ya kuongeza moto

Vijana wanaoniletea michoro ya viwanda vidogo vya kutoa mafuta ya mimea, hapa Yoba mjini Gitega, wote huanza na moto. Wananionyesha boila litakaa wapi, litakula kuni au mazutu, litatoa mvuke kiasi gani. Mimi ni fundi wa friji, kwa hiyo jicho langu hukimbilia upande wa pili wa karatasi, kwenye kondensa, pale mvuke unapopozwa uwe kimiminika tena. Mara nyingi imechorwa ndogo na kusukumwa pembeni kama kitu kilichokumbukwa mwishoni. Nawaambia wazi kwamba hapo ndipo kiwanda kitakapokwama.

Tuchukue pareto, maana ndiyo kazi ya namna hii iliyo karibu nasi zaidi: Musanze kule Rwanda, Mafinga Tanzania, Nakuru Kenya. Maua yaliyokaushwa husagwa, kisha huoshwa kwa heksani, kimiminika kinachotokana na petroli. Heksani hubeba ile dawa ya kuua wadudu, halafu huchemshwa itoke na kuacha utomvu mzito. Mvuke wake hupozwa, hurudi kwenye tangi, na duru huanza upya. Dawa yenyewe, pirethrini, ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wa ua kavu. Ili upate kilo chache unazungusha heksani nyingi mno, na muda wa kuirudisha ndio unaoamua utasaga magunia mangapi kwa siku.

Kwetu Burundi jambo hili lina uzito wa pekee. Heksani ingetufikia kwa lori kutoka bandari ya Dar es Salaam, ikipita Kobero kule Muyinga, na ingelipwa kwa dola ambazo kila mfanyabiashara wa nchi hii anazitafuta kwa shida. Kiwanda kinachorudisha heksani yake kwa saa tatu kinaweza kufanya kazi ileile kwa karibu nusu ya akiba inayohitajiwa na kinachochukua saa sita. Kwa hiyo kasi ya kurudisha ni mtaji, na ni mtaji wa fedha za kigeni.

Basi mtu husema: tuzidishe moto. Kwanza, pirethrini haivumilii joto wala mwanga. Ukiikaanga, umelipa gharama zote na mwishoni una utomvu uliopungukiwa nguvu. Pili, joto lote unalolitia kwenye heksani ili iwe mvuke lazima uliondoe tena ili iwe kimiminika. Kila kilo moja inahitaji karibu kilojuli 335. Ukitaka kurudisha kilo 100 kwa saa, kondensa yako lazima iondoe zaidi ya kilowati 9 mfululizo, bila kupumzika. Kwa maji yanayoingia yakiwa nyuzi 20 na kutoka yakiwa nyuzi 30, hizo ni lita 800 hivi za maji kila saa. Kama pampu yako inatoa lita 300, ongeza kuni upendavyo: presha itapanda, mvuke utatafuta njia ya kutokea, na tangi la heksani halitajaa haraka zaidi.

Sisi wa friji tunalijua hili kwa mikono. Friji nyingi za siku hizi hutumia isobutani, gesi ya ukoo uleule wa heksani, inayochemka kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri. Unapoitoa kwenye mashine kubwa na kuihamishia kwenye mtungi, inaenda vizuri mwanzoni, kisha mtungi unapata joto na gesi inagoma kuingia. Fundi asiyejua hulaumu kompresa. Anayejua huweka mtungi kwenye ndoo ya barafu, huvuta kwanza ile iliyo majimaji, hutumia mpira mpana na mfupi, na huacha nafasi ya asilimia 20 juu ya mtungi. Gesi hukimbilia penye presha ndogo, na ubaridi ndio unaoitengeneza presha ndogo hiyo.

Kuna adui mwingine asiyechorwa kwenye karatasi yoyote: hewa. Ikivuja ndani ya mfumo, hujikusanya kwenye kondensa na kuufunika uso wa bomba, mvuke usiufikie ubaridi. Na ukiamua kuchemsha kwa presha ya chini, jambo ninalolipendekeza kwa pareto, uvujaji mdogo sana unatosha kuharibu siku nzima. Kwa theluthi ya presha ya kawaida heksani huchemka chini ya nyuzi 40, joto ambalo dawa inalistahimili. Lakini hapo maji ya kupozea yawe baridi kweli, na kila kiungo kiwe kimepimwa.

Tena kuna unyevu wa maua. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto karibu mara saba ya kilo moja ya heksani. Maua yaliyofika mabichi-mabichi huiba nguvu ya boila na ya kondensa pamoja, hasa unapotoa heksani iliyonaswa kwenye mashudu. Mama anayeanika maua yake vizuri juu ya chanja ameharakisha kiwanda kuliko fundi yeyote, na anastahili kulipwa zaidi kwa ukavu huo, kwa kipimo kinachoonekana mbele yake.

Sisi wa milimani tuna bahati. Gitega iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku wake ni wa baridi, na maji ya chemchemi hapa hayahitaji mashine kubwa ili yapoze kitu. Umeme wetu ni mchache, mazutu yanasumbua. Kwa nini tuige mchoro uliobuniwa kwa ajili ya nchi yenye mafuta tele, na kuiacha baridi tuliyopewa bure?

Nachukia kabisa ile njia ya mkato ya kufungua vali ili presha ishuke. Mvuke wa heksani ni mzito kama mara tatu kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, huingia mifereji, na anayeuvuta kazini mwaka baada ya mwaka huharibika mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Tarehe 13 Februari 1981, mjini Louisville nchini Marekani, heksani kutoka kiwanda cha soya iliingia kwenye mabomba ya maji machafu, ikawaka, na barabara zikapasuka kwa zaidi ya kilomita tatu. Mji ule ulikuwa na wahandisi na wazima moto. Sisi tunataka kujenga karibu na nyumba za watu.

Kwa hiyo ombi langu kwa anayetoa mkopo, kwa shule zetu za ufundi na kwa mwenye mchoro ni moja. Kabla ya kununua boila la pili, fungeni vipimajoto vitatu: maji yanapoingia kwenye kondensa, yanapotoka, na pale heksani inapodondokea tangini. Visomwe na kuandikwa kila saa kwa juma zima. Heksani ikidondoka ikiwa bado ya moto, fedha za boila ziende kwenye mabomba ya kupozea na pampu ya maji.