Daktari wa Wanamichezo Aanzie Nalufenya

Jeshi la polisi la Uganda limeipatia nchi wakimbiaji wa kujivunia. John Akii-Bua, aliyekuwa askari polisi, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972, kwa sekunde 47.82. Joshua Cheptegei, naye askari polisi, mzaliwa wa Kapchorwa, ng'ambo ya Mbale, alitwaa dhahabu ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024. Nchi yenye sifa hizo yastahili madaktari bingwa wa michezo na mazoezi. Uingereza iliutambua rasmi ubingwa huo mwaka 2005. Je, bingwa wetu afundishwe nini kwanza?

Wengi watajibu: goti la mchezaji mpira. Jibu hilo si baya. Lakini kwa maoni yangu somo la kwanza liko Nalufenya, mjini Jinja, katika wadi za watoto za hospitali ya mkoa. Huko mama humleta mwanawe mwenye selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa kwa wazazi wote wawili. Wazazi hao kwa kawaida hawaumwi. Ni wabebaji tu. Na katika watoto wao wasiougua, kwa wastani wawili kati ya watatu ni wabebaji pia. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga, uliotangazwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa kama 13 katika kila 100 nchini Uganda ni wabebaji.

Kaka wa mtoto huyo akijiunga na jeshi, je? Mwaka 1987 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba kuruta weusi wabebaji walikufa ghafula mazoezini mara 28 kuliko wenzao weusi wasio wabebaji. Utafiti wa mwaka 2016, juu ya askari waliokuwa chini ya kanuni za kujikinga na joto, haukuona tena tofauti ya vifo. Hata hivyo, hatari ya misuli kuharibika, jambo liwezalo kuua figo, ilizidi kwa kama nusu. Maana yake ni kwamba mbebaji asikataliwe kazi. Alindwe kwa utaratibu.

Kwa hiyo mafunzo ya bingwa yapangwe hivi: miezi ya kwanza wadini na maabara, apate kuijua damu, kisha kambini, pamoja na wakufunzi, awafundishe kupanga mazoezi, maji na mapumziko, ndipo uwanjani na milimani kwa wakimbiaji. Bingwa aliyelelewa uwanjani peke yake atamwona mshindi, wala hatamwona kuruta anayeanguka.

Nanyi wazazi, kijana apimwe damu kabla ya kwenda kambini, na majibu ayafahamu yeye na mganga wa kambi. Aanze mazoezi polepole, wala asikimbie akiwa na homa. Mwenzake akipepesuka au kuweweseka juani, asidhaniwe mvivu: apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, azamishwe au amwagiwe maji baridi mara moja, huku gari likitafutwa. Kumpoza ni kwanza, safari ni baadaye. Akianguka huku fahamu zake ni timamu, akilalamika kwamba misuli imelegea au inauma, asimamishwe mazoezi na apelekwe hospitali upesi.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kuruta naye asiharakishwe.