Stratos Haikushinda Safari. Kwa Hiyo?

Kila Lancia Stratos iliyokarabatiwa inapoteremshwa kwenye trela, nyeupe yenye mistari ya kijani na nyekundu ya shirika la ndege la Alitalia, wajuzi hawakosi la kusema. Wengine husema kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayonichokoza.

Kwanza husema ni Ferrari iliyovikwa jina la Lancia. Injini, sawa: V6 ya Dino ya Ferrari, lita 2.4. Lakini bodi ilichorwa na Marcello Gandini wa Bertone, na Cesare Fiorio, mkuu wa timu ya Lancia, alitaka gari la kushindana tangu mchoro wa kwanza, wakati wapinzani wake wengi walikuwa wakichukua gari la kwenda kazini na kulitia nguvu. Fungua mlango wa Stratos uone: ndani yake pameachwa nafasi ya kuweka helmeti. Mlango wa namna hiyo haukubuniwa kwa ajili ya mtu anayepeleka watoto shule.

La pili ndilo zito: kwamba ni gari la lami na theluji, na vumbi la Safari, mashindano ya rally ya Kenya, liliivua nguo. Nakubali haikushinda Safari hata mara moja. Hebu tazama matokeo yenyewe. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504, ndugu ya zile Pijo zilizobeba abiria Kenya nzima. Nyuma yake alifika Sandro Munari, kisha Björn Waldegård, wote wawili ndani ya Stratos. Hilo ni gari la chini, fupi, mita 2.18 tu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, lililopita zaidi ya kilomita 5,000 za mawe na korongo. Mwaka uliofuata, ni kweli, halikuonekana jukwaani: Mitsubishi Lancer zilichukua nafasi zote tatu, Joginder Singh akiongoza. Mwaka 1977, Waldegård akiwa amehamia Ford Escort na kushinda, Munari alimaliza wa tatu. Gari lililovuliwa nguo halifiki jukwaani mara mbili. Ushindi wa Safari wenyewe Lancia waliungoja hadi 1988, Miki Biasion alipowapatia kwa Delta Integrale.

Wapo pia wanaodai iliachwa kwa kuwa ilizeeka. Hapa sina subira. Lancia ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1974, 1975 na 1976, na Munari akashinda Monte Carlo mara tatu mfululizo, 1975 hadi 1977. Kilichobadilika ni hesabu za Fiat, mwenye Lancia, aliyetaka sifa ziende kwa 131 Abarth, gari linalofanana na yale aliyokuwa akiuza. Stratos ilibaki mikononi mwa timu za binafsi, na Mfaransa Bernard Darniche akaishindia Monte Carlo mwaka 1979 kwa tofauti ya sekunde sita, kisha Corsica mwaka 1981. Kama huo ndio uzee, wengi tungeutaka.

Mwisho, wanasema gari lililokarabatiwa ni bandia. Hapa nawakubalia kidogo, maana zilitengenezwa chini ya 500 na nakala zimejaa duniani. Ila vifuniko vya mbele na nyuma ni vya faibaglasi, na hata enzi zake vilipasuka na kubadilishwa. Kubandika kipya hakulifanyi gari kuwa jingine. Sehemu ya kati ni ya chuma, na kutu huipenda sana. Hapo ndipo fundi mwema huhangaika miezi, na hapo ndipo palipo na ukweli wa gari. Kwa hiyo mimi rangi siitazami. Naomba kuonyeshwa namba ya chasi, ianze na 829AR0, halafu nauliza chuma gani kimekatwa, na kiko wapi kilichotolewa.